Kugawana Kura: Je, Mgombea wa Tatu Ana Kosa?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.



Siku za kuchagua viongozi wa jumuiya zinapokaribia, nje ya msikiti baada ya swala husikika maneno haya: "Fulani asigombee, atatugawanyia kura." Mwingine hujibu: "Kugombea ni haki yake, mwacheni." Mazungumzo huanza kwa utani, yakaishia kwa kununiana. Uchaguzi ukipita, lawama hubaki. Aliyeshindwa humwona ndugu yake kama mwizi wa kura, na aliyetuhumiwa huacha kuja kwenye darasa.

Somo la leo linahusu jambo hilo. Halimpigii debe mtu wala chama. Tunataka msomaji akimaliza aweze kufanya mambo matatu: kueleza kura hugawanyika vipi, kupima kama kweli mgombea fulani alibadilisha matokeo, na kujua la kufanya kabla ya siku ya kura badala ya kulaumiana baada yake.

1. Hesabu yenyewe

Twende kwanza sokoni hapa Mahoko. Wauza viazi wawili wakipanga mafungu yao bega kwa bega, hugawana wateja wale wale. Muuza mahindi aliye peke yake hana wa kugawana naye. Jioni anaweza kuwa yeye aliyeuza zaidi ya kila mmoja wao, ingawa waliokuja kutafuta viazi ndio waliokuwa wengi sokoni.

Sasa tuiweke katika kura. Jumuiya ina wapiga kura 120. Mgombea Alif anataka darasa la usiku lifutwe. Mgombea Ba na mgombea Ta wote wawili wanataka liendelee. Matokeo ni haya: Alif 50, Ba 40, Ta 30. Kwa kanuni ya "mwenye kura nyingi ndiye mshindi", Alif ameshinda, na darasa linafutwa. Lakini hesabu tena: watu 70 kati ya 120 walitaka liendelee. Wengi wameshindwa na wachache, na hakuna aliyeiba hata kura moja.

Hilo ndilo tunaloliita kugawana kura. Huhitaji mambo mawili yakutane: wagombea wawili au zaidi wanaopendwa na watu wa mwelekeo mmoja, na kanuni inayompa ushindi yeyote aliyewazidi wengine hata kama hakufikia nusu. Jambo moja likikosekana, tatizo hupungua sana.

Kabla ya kusema kwamba Ta "ameharibu", tumpime kwa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza: je, kura zake ni nyingi kuliko tofauti kati ya wa kwanza na wa pili? Hapa tofauti ni 10, naye ana 30. Amepita kipimo hiki.

Kipimo cha pili: je, watu wake wangemchagua nani kama asingekuwepo? Huenda 24 wangekwenda kwa Ba, na 4 wakaenda kwa Alif kwa sababu ni rafiki yao.

Kipimo cha tatu: je, wangepiga kura kweli? Huenda 2 wangebaki bwenini.

Tukijumlisha, Ba angepata 64 na Alif 54. Basi hapa Ta kweli alibadilisha matokeo. Tunzeni vipimo hivi, kwa sababu tutavitumia nchi kwa nchi.

2. Kenya: upinzani uliokuwa wengi ukashindwa

Mfano ulio wazi zaidi Afrika Mashariki ni Kenya. Desemba 1991 Bunge liliondoa kifungu cha katiba kilichoifanya KANU kuwa chama pekee. Miezi michache kabla yake wapinzani walikuwa wameunda FORD, na umati ulikuwa upande wao. Wengi waliamini kwamba Rais Daniel arap Moi angeondoka kwa kura.

Lakini wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ndani ya FORD walikuwamo Jaramogi Oginga Odinga na Kenneth Matiba, na kila mmoja aliutaka urais. Hata namna ya kumteua mgombea iliwagawa: upande mmoja ulitaka wanachama wote wapige kura, upande wa pili ulitaka wajumbe wa mkutano ndio waamue. Mwaka 1992 chama kikapasuka, Odinga akabaki na FORD-Kenya na Matiba akaenda na FORD-Asili. Mwai Kibaki, aliyekuwa ametoka serikalini, tayari alikuwa na chama chake, DP. Wangari Maathai na wenzake walijaribu kuwapatanisha. Hawakufanikiwa.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992. Moi alipata asilimia 36 hivi, Matiba 26, Kibaki 19 na Odinga 17. Wapinzani watatu kwa pamoja walipata zaidi ya asilimia 60, na aliyeapishwa alikuwa mwenye 36.

Tutumie vipimo. Tofauti kati ya Moi na Matiba ilikuwa kama asilimia 10. Kura za Kibaki peke yake ziliizidi, na za Odinga vilevile. Kipimo cha kwanza kimepita. Kipimo cha pili ni kigumu zaidi. Kura nyingi za Odinga zilitoka Nyanza, ilhali Matiba na Kibaki walivuna hasa Mkoa wa Kati, na haiwezekani kusema kila mtu wa Odinga angemfuata Matiba au kinyume chake. Lakini hata kama watatu katika kila kumi wa upinzani wangebaki nyumbani, waliosalia wangetosha kumshinda Moi. Ni haki pia kusema kwamba kura hazikugawanyika katika uwanja ulio sawa: kulikuwa na malalamiko ya wizi wa kura, na mapigano ya kikabila Bonde la Ufa yaliwafukuza watu makwao. Kugawana kura kulikuwa sababu kubwa, ila hakukuwa sababu pekee.

La kusikitisha ni kwamba miaka mitano baadaye walirudia. Mwaka 1997 Moi alipata asilimia 40 hivi, Kibaki 31, Raila Odinga karibu 11, na Michael Wamalwa na Charity Ngilu kama 8 kila mmoja. Ukijumlisha hao wanne, unapata kama asilimia 58.

Mwaka 2002 ndipo walipojifunza. Moi alikuwa amefikia kikomo cha vipindi vyake, na KANU ilimsimamisha Uhuru Kenyatta. Kibaki, Wamalwa na Ngilu wakakubaliana mgombea mmoja. Mwezi Oktoba Raila, katika uwanja wa Uhuru Park, akatamka "Kibaki tosha", naye akaacha kugombea. Muungano wa NARC ukapata zaidi ya asilimia 60 na Uhuru 31 hivi.

Mazingatio mawili hapa. La kwanza: Kibaki alikuwa wa tatu mwaka 1992, wa pili mwaka 1997, na Rais mwaka 2002. Mgombea wa tatu wa leo anaweza kuwa kiongozi wa kesho, kwa hiyo tusiwe wepesi kumwambia mtu "huna lolote". La pili: makubaliano ya NARC yalivunjika baada ya ushindi kwa sababu upande mmoja ulisema ahadi za kugawana madaraka hazikutimizwa, na kufikia kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 Kibaki na Raila walikuwa pande mbili. Kuungana kwa ajili ya kushinda tu ni rahisi. Kutimiza ahadi baada ya kushinda ndiko kugumu, na Sura ya Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini kutimiza mikataba.

3. Ng'ambo ya mpaka: Kongo

Tugeukie jirani, maana wengi wetu hapa Rubavu tuna jamaa Goma, na matokeo ya Kinshasa huwagusa.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 ilisema Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura, na asipopatikana mtu, wawili wa juu warudi kwa wananchi kwa duru ya pili. Mwaka huo wagombea walikuwa 33. Duru ya kwanza Joseph Kabila alipata karibu asilimia 45, Jean-Pierre Bemba 20 na Antoine Gizenga 13. Wakarudi wawili, na mwezi Oktoba Kabila akamshinda Bemba kwa asilimia 58 kwa 42. Wingi wa wagombea haukumpa mtu ushindi wa wachache, kwa sababu kanuni iliwalazimisha kurudi.

Januari 2011 kanuni ikabadilishwa. Duru ya pili ikafutwa, na mwenye kura nyingi akawa mshindi papo hapo. Novemba mwaka huo walisimama wagombea 11. Kwa matokeo rasmi, Kabila alipata asilimia 48.95, Étienne Tshisekedi 32.33 na Vital Kamerhe 7.74.

Watu wengi husema Kamerhe "alimharibia" Tshisekedi. Tupime. Tofauti kati ya Kabila na Tshisekedi ni zaidi ya asilimia 16, na Kamerhe alikuwa na chini ya 8. Kipimo cha kwanza kimemwangusha, kwa hiyo lawama hiyo si sahihi. Ili Tshisekedi amfikie Kabila, angehitaji kama tisa katika kila kumi ya kura za wagombea wengine wote tisa. Lakini angalia namba ya Kabila tena: 48.95 ni chini ya nusu. Kwa kanuni ya mwaka 2006, wangerudi kwa duru ya pili. Kilichoamua si mgombea wa tatu, bali ni kubadilishwa kwa kanuni miezi kumi kabla ya kura. Waangalizi nao walitilia shaka kuaminika kwa matokeo yenyewe.

Mwaka 2018 wapinzani saba walikutana Geneva, na tarehe 11 Novemba wakamchagua Martin Fayulu awe mgombea wao mmoja. Haikupita hata siku mbili, Félix Tshisekedi na Kamerhe wakajitoa, wakisema wafuasi wao wamekataa. Baadaye mwezi huo wawili hao wakakubaliana Nairobi kwamba Kamerhe amuunge mkono Tshisekedi. Matokeo rasmi yalikuwa Tshisekedi asilimia 38.57, Fayulu 34.83 na Emmanuel Ramazani Shadary wa upande wa serikali 23.84. Fayulu aliyapinga, na Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wengi sana, lilisema hayalingani na takwimu zake. Mahakama ya Katiba iliyathibitisha.

Kwa hesabu hiyo rasmi, upinzani uligawana kura na bado ukashika nafasi ya kwanza na ya pili. Basi kugawana kura si sababu ya kila kushindwa. Inategemea ukubwa wa kila upande.

4. Marekani: kura 537

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa Marekani mwaka 2000. Kule Rais hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe, na karibu kila mahali anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, huchukua wajumbe wote. Florida ilikuwa na wajumbe 25, na bila hao hakuna kati ya George W. Bush na Al Gore aliyeweza kushinda. Bush aliongoza Florida kwa kura 537. Ralph Nader, aliyesimama na chama cha Kijani, alipata hapo kura 97,488.

Kipimo cha kwanza kimepita kwa mbali. Cha pili pia, kwa sababu watu wa Nader kwa jumla walikuwa karibu zaidi na Gore, ingawa si wote, na baadhi yao wasingepiga kura kabisa. Lakini ipo hoja ya upande wa pili: hata mgombea mdogo kabisa kwenye karatasi ya Florida alipata zaidi ya kura 537. Tofauti ikiwa ndogo namna hiyo, kila mtu ni "mharibifu", na kumchagua mmoja wa kumlaumu huwa ni suala la hasira kuliko hesabu.

Mfano wa karibu zaidi unawahusu Waislamu wenyewe. Mwaka 2024 katika mji wa Dearborn, jimbo la Michigan, wenye Waarabu na Waislamu wengi, hasira juu ya vita vya Gaza iliwafanya wengi wamwache Kamala Harris. Donald Trump alipata pale asilimia 42 hivi, Harris 36 na Jill Stein wa chama cha Kijani 18. Baada ya uchaguzi lawama ziliwaangukia waliompigia Stein. Vipimo vinasemaje? Trump alishinda Michigan kwa kura 80,000 hivi, na Stein katika jimbo zima alipata kama 45,000. Hata kama zote zingekwenda kwa Harris, asingeshinda. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa uamuzi wa watu wa Dearborn kwa sababu nyingine, lakini si kwa kudai kwamba kura za Stein ndizo zilizoamua Michigan.

5. Dawa zilizopo

Dawa ya kwanza ni makubaliano kabla ya kura, kama Kenya mwaka 2002. Udhaifu wake tumeuona: hutegemea watu kuweka ahadi.

Dawa ya pili ni duru mbili. Kenya iliichukua katika katiba ya mwaka 2010, ambapo mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Leo mtu hawezi kuapishwa na asilimia 36 kama mwaka 1992. Lakini nayo ina mwanya. Ufaransa mwaka 2002, kura za mrengo wa kushoto zilitawanyika kwa wagombea wengi, na Lionel Jospin akabaki wa tatu kwa asilimia 16 hivi. Duru ya pili wakaingia Jacques Chirac na Jean-Marie Le Pen, na watu wa kushoto wakakosa mtu wao kabisa.

Dawa ya tatu ni kupanga wagombea kwa namba. Mpiga kura anaandika 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayemfuata, na kuendelea. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinahamia kwa aliyeandikiwa 2. Katika mfano wetu, Ta anaondoka, karatasi 24 zinakwenda kwa Ba, 4 kwa Alif, na 2 zisizo na chaguo la pili zinawekwa kando. Ba anashinda 64 kwa 54. Jimbo la Maine kule Marekani hutumia njia hii hata katika kura ya Rais. Kwa jumuiya ya wanafunzi haina gharama: ni karatasi, kalamu, na watu wawili waaminifu wa kuhesabu mbele ya wote.

6. Mazingatio kutoka kwa watu sita wa shura

Mwaka 23 Hijria, Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa amejeruhiwa na kukaribia kufa, aliliacha jambo la uongozi mikononi mwa watu sita: Uthman, Ali, Talha, Zubair, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman bin Auf (R.A.). Kisa hiki kimepokewa katika Sahihi Bukhari. Walipokutana baada ya maziko, Abdurrahman alipendekeza wapunguze idadi hadi watu watatu. Zubair akamwachia Ali, Talha akamwachia Uthman, na Saad akamwachia Abdurrahman. Kisha Abdurrahman naye akajitoa, akapewa kazi ya kuchagua kati ya wawili waliobaki, na akawashauri watu wa Madina kabla ya kuamua. Uthman akapewa kiapo cha utii, na Ali akampa mkono.

Hatusemi kwamba huo ulikuwa uchaguzi wa masanduku kama wa leo. Lakini tutazame adabu yake. Watu wanne kati ya sita, wote wenye sifa na waliobashiriwa Pepo, walijiondoa kwa hiari. Hakuna aliyefukuzwa wala kuitwa mharibifu. Na walijitoa kabla ya uamuzi, wakiwa pamoja, kwa uwazi. Kujitoa namna hiyo ni sehemu ya shura iliyotajwa katika aya ya 38 ya Sura ya Ash-Shura. Kumshinikiza mtu ajitoe kwa kumsengenya hakumo katika shura.

7. Basi tufanye nini?

Kwa anayetaka kugombea: jiulize kabla ya kuchukua fomu, je, yupo ndugu anayesimamia yale yale ninayoyasimamia? Kama yupo, mwendee mzungumze. Mkiona mnatofautiana kwa jambo la maana, simama bila kuona haya. Mkiona mnatofautiana kwa jina tu, mmoja amwachie mwenzake.

Kwa mpiga kura: kura ni amana. Ukimpa mgombea mdogo kwa sababu unamwamini, hujaipoteza. Lakini jua kanuni inayotumika, na ujue kura yako itafanya kazi gani chini ya kanuni hiyo.

Kwa jumuiya: kama tumechoka kulaumiana kila mwaka, tubadilishe kanuni mapema, wakati hakuna anayejua nani atagombea. Kanuni ikibadilishwa baada ya majina kutoka, kila mtu atauliza imebadilishwa kwa faida ya nani, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Na kwa aliyeshindwa: kabla ya kusema "fulani ameniharibia", chukua kalamu, fanya vipimo vitatu. Mara nyingi utakuta ndugu yako hana kosa. Ukikuta kura zake kweli zilibadilisha matokeo, kumbuka kwamba alitumia haki aliyopewa na kanuni ambayo nawe uliikubali.

Maswali ya kujadiliana katika halaka

1. Katika uchaguzi wenye kura 200, Alif amepata 85, Ba 78, Ta 37. Ni watu wangapi wa Ta wangepaswa kumfuata Ba ili ashinde, kama wengine wote wa Ta wangebaki nyumbani?

2. Kwa nini mwaka 2011 nchini Kongo tumesema kanuni iliamua zaidi kuliko Kamerhe?

3. Ni dawa ipi kati ya tatu inayoifaa jumuiya yetu, na udhaifu wake ni upi?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe viongozi wanaomcha, aziunganishe nyoyo zetu kabla ya kura na baada ya kura, na atujaalie tuwe wenye kushauriana kwa ukweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.